Mlango wa Mbele au Kifuniko cha Juu? Yaulizwe Maji Kwanza

Anayekwenda dukani kununua mashine ya kufulia huulizwa anataka ya mlango wa mbele au ya kifuniko cha juu, na maelezo anayopewa karibu yote huihusu mashine yenyewe: inabeba kilo ngapi, ina programu ngapi, inakamua kwa kasi gani. Ni maelezo ya kweli, ila yamepimwa kwa kuitazama nyumba ambayo bomba halikauki, umeme haukatiki na sakafu imenyooka. Nyumba za namna hiyo zipo Nachingwea mjini na zipo Ruangwa mjini, lakini si nyingi, na ukitoka mjini kuelekea Kiegei, Mnero, Mbekenyera au Nambilanje utazitafuta sana. Ndiyo maana nashikilia kwamba katika wilaya hizi mbili aina ya mashine iamuliwe na namna maji yanavyoingia ndani ya nyumba na hali ya umeme unaofika hapo, kabla ya kutazama sifa za mashine. Tukianzia hapo, jibu linakuwa tofauti na lile tulilozoea kusikia. Familia nyingi zitafaidika na ile mashine ya bei ya chini yenye matenki mawili, ambayo wengi huinunua kwa kukosa pesa ya nyingine. Familia chache zenye tenki lililonyanyuliwa juu zinafaa kununua ya mlango wa mbele. Na ile ya kifuniko cha juu inayojiendesha yenyewe mwanzo hadi mwisho, inayodhaniwa kuwa ndiyo njia ya kati, ndiyo isiyozifaa sana wilaya hizi zetu.

Nachingwea ina historia ya mashine zilizoletwa kabla ardhi haijaulizwa. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya Uingereza iliamua kulima karanga Tanganyika kwa matrekta, na Nachingwea ikawa kituo kikuu cha mradi huo katika Jimbo la Kusini, hata ikajengewa reli kutoka Mtwara. Sehemu ya mitambo iliyotumika katika mradi ilikuwa masalia ya vita, na mingine ilikuwa vifaru vya kijeshi vilivyogeuzwa matrekta. Kule Kongwa, kituo kingine cha mradi huo, udongo ulikauka ukawa mgumu mno, majembe ya mashine yakalika, na maji yakawa ya shida. Januari 1951 mradi ulifutwa baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 36, na reli nayo ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Matrekta yale hayakuwa mabaya kwa asili yao. Yalitengenezwa kwa ajili ya udongo, mvua na karakana za mahali pengine. Mashine ya kufulia ni kitu kidogo mno mbele ya mradi ule, lakini kosa la kuchagua kifaa kwa sifa zake huku hali ya mahali ikiachwa nyuma ni kosa la aina ileile, na kwa familia ya mkulima wa korosho hasara yake huweza kuwa mavuno ya msimu mzima.

Tutazame kwanza kinachofanyika ndani. Mashine ya mlango wa mbele ina pipa lililolala. Nguo huinuliwa na pipa na kuangushwa tena, na zinajipigapiga katika maji machache yaliyo chini, ndiyo sababu mzunguko mzima wa kilo sita au saba hutumia takriban lita 40 hadi 60. Mashine ya juu inayojiendesha ina pipa lililosimama, na chini yake kuna sahani inayozunguka au mhimili wenye mabawa; ili nguo zielee na kuzunguka lazima zifunikwe na maji, kisha maji hayo yamwagwe na mengine yaingie kusuuza. Matumizi yake hufika kwa urahisi lita 100 hadi 150. Ya matenki mawili ina tenki la kufulia upande mmoja na kikamulio upande wa pili, na mtu ndiye anayehamisha nguo kutoka huku kwenda kule. Haijui kitu isipokuwa kuzunguka. Ukitazama takwimu za maji peke yake, ya mlango wa mbele imeshinda kabla ya mashindano kuanza, na hiyo ndiyo hoja inayotolewa kila mahali penye uhaba wa maji. Inastahili kujibiwa kwa makini.

Mashine ya mlango wa mbele haitumii tu maji machache, inataka yaje kwa nguvu. Ina valvu ya umeme inayofunguka pale tu maji yanapoisukuma, na miongozo mingi ya watengenezaji hutaja mgandamizo wa chini wa baa 0.3 hadi 0.5. Kila mita moja ya kimo cha maji hutoa takriban baa 0.1, na kimo hicho huhesabiwa kutoka usawa wa maji ndani ya tenki hadi kwenye valvu ya mashine, ambayo iko karibu mita moja juu ya sakafu. Kwa hiyo simtanki lililowekwa juu ya mnara wa mita 2, kama yalivyo mengi ya majumbani, likikaribia kuisha linatoa takriban baa 0.1, na mashine itasimama ikionyesha alama ya kukosa maji. Mnara unaotosheleza ni wa mita 4 na kuendelea, tena wenye nguzo za kubeba tani nzima ya maji au zaidi. Ipo pampu ndogo ya kuongeza msukumo, lakini nayo hula umeme na ni kifaa kingine cha kuharibika. Nachingwea mjini, ambako Mamlaka ya Maji ya Masasi na Nachingwea husambaza maji ya chanzo cha Mbwinji, mwenye bomba ndani na mnara mrefu anaweza kutimiza sharti hili. Vijijini, ambako tangu Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 dhamana iko kwa RUWASA, wakala wa maji vijijini, maji ya kaya nyingi hutoka kwenye kituo cha kuchotea yakiwa ndani ya madumu ya lita 20. Dumu halina msukumo. Mashine ya lita 50 isiyoweza kupokea maji ya ndoo haina msaada kwa mtu ambaye maji yake yote huja kwa ndoo.

Hata hesabu yenyewe ya maji hubadilika ukiitazama kwa siku nzima ya kufua badala ya mzunguko mmoja. Tuchukue mafungu matatu ya nguo: nyeupe, za rangi, na za shambani. Ya mlango wa mbele itatumia karibu lita 150, na yote yataondoka kwa bomba, fungu moja baada ya jingine. Ya juu inayojiendesha itatumia zaidi ya lita 300, yaani madumu 15 au zaidi. Kwenye matenki mawili, maji ya sabuni ya nguo nyeupe hufua za rangi, kisha za shambani. Maji ya kusuuzia nguo nyeupe huwa maji ya kufulia baadaye. Na ya mwisho hupigiwa deki au humwagwa chooni. Kwa makadirio yangu mafungu hayohayo matatu yanaisha kwa lita 140 hadi 160, na sehemu yake inafanya kazi ya pili. Ubora wa ya mlango wa mbele katika maji unatokana na kulinganishwa na mashine nyingine inayomwaga kila kitu. Akina mama wa huku hawajawahi kumwaga maji ya sabuni yenye nguvu, na mashine inayowaruhusu kuendelea hivyo inafuta karibu pengo lote.

Umeme unazidisha uzito wa hoja hii. Kwa miaka mingi mikoa ya Lindi na Mtwara ilikuwa nje ya gridi ya Taifa, ikitegemea mitambo ya Mtwara inayotumia gesi ya Mnazi Bay, na umeme husafiri mbali kwenye nyaya zinazopita porini kabla ya kufika Nachingwea na Ruangwa. Mwisho wa njia ndefu kama hiyo umeme huja mdogo, hasa jioni kila nyumba inapowasha taa na televisheni, na mti ukiangukia nyaya wakati wa mvua kukatika ni jambo la kawaida. Sasa, mzunguko wa mlango wa mbele kwa nguo za kawaida huchukua saa moja na nusu, mara nyingi zaidi. Kufua kwenye matenki mawili huchukua dakika 15 na kukamua dakika 5. Kadiri kazi inavyochukua muda mrefu ndivyo uwezekano wa kukatiwa katikati unavyokua. Umeme ukikatika, mlango wa mbele hubaki umefungwa na maji yamo ndani, na ili utoe nguo ni lazima ufungue kizibo cha chujio chini ya mashine na kuyaacha yatoke sakafuni. Zipo zinazokumbuka zilipoishia na kuendelea umeme unaporudi, jambo jema, lakini umeme ukirudi kesho yake nguo za shule zimelala ndani ya maji machafu. Kwenye matenki mawili mtu anainua kifuniko, anamalizia kwa mikono. Juu ya hayo, mashine za kisasa za mlango wa mbele huendeshwa na bodi ya elektroniki, na umeme unaopanda na kushuka ndio adui mkubwa wa bodi. Stabilaiza husaidia, na anayenunua mashine hiyo aihesabu kuwa sehemu ya bei.

Kuhusu gharama ya uniti, jambo la kuangalia ni hita. Kupasha lita 15 za maji kutoka nyuzi 25 hadi 60 kunahitaji kama uniti 0.6, na ukijumlisha joto linalomezwa na nguo na pipa pamoja na kazi ya mota, mzunguko mmoja wa moto unakaribia uniti moja. Kufua kwa maji baridi hakufiki robo ya hapo. Kwa bei zilizotangazwa mwaka 2016 na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, mteja mdogo wa nyumbani hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na kila uniti inayozidi hapo ni shilingi 350, kabla ya kodi na tozo. Mizunguko 12 ya moto kwa mwezi inagharimu shilingi 1,200 ikibaki ndani ya kiwango cha chini, na shilingi 4,200 ikiangukia nje yake. Si fedha nyingi kwa mwalimu au muuguzi, lakini kwa nyumba yenye friji inayogusa uniti 70 kila mwezi hita ndiyo itakayoivusha mpaka. Hita hiyo hudai pia wati 1,800 hadi 2,000 kwa wakati mmoja, kiasi ambacho jenereta ndogo au sola ya nyumbani haiwezi kutoa. Dawa ni rahisi: mwenye mashine ya mlango wa mbele aiweke kwenye maji baridi karibu siku zote. Akifanya hivyo, hata hivyo, ameiacha sifa moja kubwa aliyoinunulia.

Wapo watakaosema maji ya moto ni ya lazima kwa usafi. Kwa nepi na mashuka ya mgonjwa wana hoja, ingawa damu huondoka vizuri zaidi kwa maji baridi. Lakini madoa yanayowasumbua watu wa Nachingwea na Ruangwa ni vumbi jekundu na maji ya mabibo. Vumbi hutoka kwa kuloweka na kusukasuka. Doa la bibo likishakaa halitolewi na mashine yoyote, ya mlango wa mbele wala ya juu, na mwenye hekima huokota korosho kwa nguo aliyokwisha kuitenga. Upande wa vijidudu, jua la kiangazi na pasi ya moto vinafanya kazi kubwa, na pasi ina kazi ambayo hakuna hita inayoweza kuichukua: kuua mayai ya nzi yanayotagwa kwenye nguo zikiwa zimeanikwa, baada ya mashine kumaliza.

Kuhusu nguo zenyewe nakubali bila ubishi: pipa lililolala ni laini kwa kitambaa kuliko sahani inayozunguka. Kanga na vitenge ni virefu, na katika mashine ya juu hujisokota, vikafungana na mikono ya mashati, na mishono ikavutwa. Anayefua kanga nyingi azioshe peke yake, chache kwa mara moja, na kanga mpya inayochuja isikutane na kitu kingine. Chandarua chenye dawa kisiingizwe kwenye mashine yoyote. Vyandarua hivi hutengenezwa vistahimili takriban mifuo 20 ya taratibu kwa mikono, na kukisukasuka ndani ya pipa ni kukipunguzia maisha katika mkoa ambao malaria bado inaua.

Katika kukamua, ya mlango wa mbele husifiwa kwa mizunguko 1,000 au 1,200 kwa dakika, ikilinganishwa na 700 hivi ya mashine nyingi za juu zinazojiendesha. Sifa hiyo ina maana kubwa kuanzia Desemba hadi Aprili, mvua zinaponyesha na nguo kukosa siku nzima ya jua. Kikamulio cha matenki mawili ni kidogo, lakini huzunguka kwa kasi inayokaribia 1,300, kwa hiyo nguo hutoka karibu kavu kama zile za mlango wa mbele, ingawa kwa mafungu madogo. Hapo ndipo ile ya juu inayojiendesha inapopoteza mara ya pili. Inatumia maji mengi kuliko zote, inakamua kwa nguvu ndogo kuliko zote, na juu yake ina bodi ileile inayoogopa umeme mdogo. Inachotoa ni kifuniko kinachofunguka wakati wowote na uwezo wa kujazwa kwa ndoo ikibidi, mambo ambayo ya matenki mawili inayatoa kwa bei ndogo zaidi. Kwa mtu wa Dar es Salaam mwenye bomba la uhakika inaweza kuwa chaguo la maana. Kwa mtu wa Ruponda anayenunua maji kwa dumu, sioni inampa nini.

Pingamizi zito kuliko yote linahusu kazi. Kufua ni mzigo wa akina mama, mabinti na dada wa kazi, na mashine inayomtaka mtu asimame karibu, ahamishe nguo na ajaze ndoo haijamwacha huru kama ile anayoiwasha na kwenda zake. Hoja hii ni ya kweli, na nyumba inayoweza kuwa na mnara, bomba na umeme mzuri isimnyime mwanamke raha hiyo kwa sababu ya kubana matumizi. Lakini tuupime mzigo wenyewe. Kinachoumiza mgongo na mikono katika ufuaji ni kuinama juu ya beseni, kusugua na kukamua mashuka mazito, na hizo ndizo kazi ambazo matenki mawili yanazichukua. Kinachobaki ni dakika chache za kuhamisha nguo mtu akiwa amesimama wima. Kubeba maji hakuondolewi na mashine ya aina yoyote mahali pasipo na bomba, na mashine inayotaka madumu 15 badala ya 7 inamwongezea binti safari za kituoni. Kama nia ni kumpumzisha, pesa iliyobaki baada ya kununua ya bei ndogo iende kwenye tenki na mifereji ya kuvunia maji ya mvua kwenye bati. Bila suala la maji kuguswa, kumnunulia mashine ya gharama ni kumpa zawadi isiyomfikia.

Yapo mambo ya fundi pia. Mashine ya mlango wa mbele ina mawe ya zege ndani ya kutuliza mtikisiko, hivyo huwa na uzito wa kilo 60 na kupita, na husafirishwa ikiwa imefungwa boliti maalumu nyuma. Boliti hizo lazima zitolewe kabla ya kuiwasha, na lazima zihifadhiwe na kurudishwa siku inapohamishwa. Asiyejua hilo huiwasha ikiwa imefungwa, nayo hutikisika hadi kuvunjika, au huipakia bila boliti kwenye barabara ya makorongo na kuishusha pipa likiwa limelegea. Sabuni ya unga ya kufulia kwa mikono hutoa povu jingi linaloisumbua. Inataka sabuni yake ya povu dogo, ambayo haipatikani kila duka la kijijini. Raba ya mlangoni hushika ukungu, na dawa yake ni kuifuta na kuuacha mlango wazi kidogo baada ya kufua, mradi watoto wadogo hawafiki. Ya matenki mawili ina mota mbili, kapasita, mkanda na saa ya kuzungusha kwa mkono. Fundi anayetengeneza feni ataielewa. Hatari yake iko kwenye kikamulio, ambacho breki yake ikifa huendelea kuzunguka kifuniko kikiwa wazi na huweza kuvunja mkono, na kwenye sakafu ya uani iliyolowa. Mashine yoyote inayokaa karibu na maji iunganishwe na waya wa ethi unaoshuka ardhini kweli, jambo ambalo katika nyumba nyingi limeandikwa kwenye soketi tu.

Kabla hujalipa, basi, pima kimo cha tenki lako kutoka usawa wa maji yakiwa machache hadi mahali mashine itakapokaa. Mwite fundi apime umeme wako kati ya saa moja na saa tatu usiku. Chemsha maji ya kisima chako kwenye birika kwa wiki moja, na ukiona ukoko mweupe ujue hita itapata ukoko huohuo. Ukipata zaidi ya mita 4, umeme ulio thabiti na maji yasiyoacha ukoko, nunua ya mlango wa mbele pamoja na stabilaiza yake, uifurahie. Ukikosa kimojawapo, chukua ya matenki mawili bila kuona haya mbele ya jirani. Nanyi wenye maduka ya Nachingwea na Ruangwa, mnapoagiza mashine hizo agizeni pia kapasita, mikanda na breki za vikamulio, kwa sababu mashine nzima huishia stoo kwa kukosa kifaa kinachoenea kiganjani.